Puto lenye dawa au stenti: kuchagua njia ya kuzibua mshipa wa moyo

Mgonjwa wa Moshi au Arusha akishaambiwa kwamba mshipa wake wa moyo umebana kwa asilimia 80, jambo hilo haliwi lake peke yake. Watoto walioko Dar wanapiga simu, mjomba aliyewahi kuwekewa stenti (wavu wa chuma unaoushikilia mshipa wazi) anatoa ushauri wake, na siku hizi hakosekani anayeuliza: kwa nini baba awekewe chuma wakati lipo puto linalopaka dawa kisha linatolewa? Swali ni zuri. Jibu lake hutegemea ni mshipa upi, una upana gani, ukuta wake ukoje, na mgonjwa ataweza kumeza dawa gani kwa muda gani. Hapa njia hizo mbili zinapitishwa kwenye vigezo vilevile.

Lakini kwanza hili: ulinganisho huu ni wa mtu mwenye muda wa kuchagua. Mwenye maumivu mazito ya kifua yasiyopungua, jasho jingi, maumivu yanayopanda shingoni au kushuka mkononi, huenda anapata shambulio la moyo saa hiyohiyo. Huyo hapangiwi safari ya Dar kwa basi. Apelekwe hospitali ya karibu yenye kipimo cha umeme wa moyo, atafune aspirini ya miligramu 300 kama haina madhara kwake. Pale ambapo kufika kathlabu (chumba maalumu cha kuzibulia mishipa ya moyo) ndani ya saa mbili haiwezekani, dawa ya kuyeyusha donge la damu ndiyo tiba ya kwanza kwa shambulio la aina ile inayoonekana wazi kwenye karatasi ya umeme wa moyo. Dawa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi saa za mwanzo, na kwa kawaida haitolewi baada ya saa 12. Kutoka Moshi hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500. Habari ya puto au stenti itafuata baadaye, mgonjwa akiwa ametulia.

Vigezo vya kuamulia

Vipo sita, na uzito wake haulingani. Vitatu vya kwanza ni vya mshipa wenyewe: upana wake, ugumu wa ukuta wake (hasa kama una chokaa nyingi), na kama ndani yake kuna stenti ya zamani. Cha nne ni cha mgonjwa: uwezekano wa kutokwa na damu, na uwezo wa kumeza dawa bila kukatiza. Cha tano ni hatari zinazobaki baada ya tiba. Cha sita ni fedha na upatikanaji. Familia nyingi huanza na cha sita. Daktari huanza na cha kwanza, na ni vyema mkutane naye hapo.

Kinachofanyika mezani

Kwa njia zote mbili mwanzo ni mmoja. Mgonjwa yuko macho, sehemu ya kifundo cha mkono inatiwa ganzi (mara nyingine kinena), mrija mwembamba unapitishwa ndani ya mshipa hadi kwenye moyo, heparini inatolewa ili damu isigande, na dawa ya rangi inaonyesha mishipa kwenye eksirei. Kisha waya laini wenye unene wa kama theluthi moja ya milimita unapitishwa katikati ya sehemu iliyobana. Kuanzia hapo njia zinaachana.

Stenti ni wavu mwembamba wa chuma uliokunjwa juu ya puto. Sehemu iliyobana hutanuliwa kwanza, stenti inafikishwa mahali pake, puto linajazwa kwa mgandamizo mkubwa, wavu unafunguka na kushika ukuta, puto linatolewa, wavu unabaki maisha yote. Stenti za kisasa zimepakwa dawa za jamii ya sirolimusi, ambazo hutoka polepole kwa wiki kadhaa na kuzuia kovu lisijaze mshipa upya. Mara nyingi puto la pili, gumu zaidi, huingizwa ili kuibana stenti vizuri ukutani. Hatua hiyo ikifanywa kwa haraka au kwa kipimo kidogo, stenti hubaki imefunguka nusu, na hicho ni chanzo kikubwa cha matatizo ya baadaye. Ndiyo maana kuangalia ndani ya mshipa kwa kijiultrasound au kamera ya mwanga kuna faida halisi, hasa kwa mshipa mkubwa au stenti ndefu.

Kwa puto lenye dawa, kazi kubwa iko kwenye maandalizi. Daktari hutumia kwanza puto la kawaida lenye upana unaolingana na wa mshipa, kisha anakagua mambo matatu: ubanaji uliobaki usizidi asilimia 30, damu ipite kwa kasi yake kamili, na pasiwe na mpasuko wa ukuta unaozuia damu. Mpasuko mdogo unaruhusiwa, tena hutarajiwa. Yote matatu yakitimia, ndipo puto lenye dawa linapoingizwa. Dawa iliyochunguzwa zaidi ni paklitakseli, kiasi cha mikrogramu 2 hadi 3.5 kwa kila milimita ya mraba. Haliguswi kwa mkono sehemu yenye dawa wala halipanguswi, na linapaswa kufika mahali pake ndani ya dakika mbili hivi kwa sababu dawa huanza kusombwa na damu njiani. Linajazwa sekunde 30 hadi 60 na kutolewa. Urefu wake lazima upite sehemu iliyotanuliwa kwa milimita 2 au 3 kila upande. Sehemu iliyojeruhiwa ikikosa dawa, ndiyo inayobana tena. Daktari makini husubiri dakika kadhaa, kisha hupiga picha nyingine kuona kama ukuta umerudi ndani.

Hapa ndipo jambo muhimu kuliko yote kwa anayechagua. Puto lenye dawa haliwezi kuahidiwa kabla. Mshipa ukipasuka vibaya au ukirudi ndani baada ya kutanuliwa, stenti itawekwa, na inapaswa kuwekwa. Kwa hiyo ridhaa mnayosaini iwe ya vyote viwili. Familia inayosema “puto tu, chuma hatutaki” inamfunga daktari mikono dakika ambayo mgonjwa anamhitaji zaidi.

Upana na ukuta wa mshipa

Kwenye mishipa midogo, chini ya milimita 3, puto lenye dawa limejipatia heshima. Utafiti wa BASKET-SMALL 2, uliochapishwa mwaka 2018, ulichukua wagonjwa 758 wenye mishipa ya namna hiyo ambayo maandalizi yake yalikwenda vizuri. Baada ya mwaka mmoja, vifo vya moyo, mashambulio na kurudia tiba kwa jumla vilikuwa asilimia 7.6 kwa puto na 7.5 kwa stenti, na ulinganifu huo uliendelea hadi mwaka wa tatu. Sababu inaeleweka: katika mshipa wa milimita 2.25, kovu dogo tu ndani ya stenti linatosha kuuziba.

Kwenye mishipa mikubwa hali ni nyingine, na hapa tunaomba msomaji asikimbilie matangazo. Utafiti wa REC-CAGEFREE I wa China, wa mwaka 2024, uliingiza wagonjwa 2,272 wenye ubanaji mpya usio tata, wa mishipa midogo na mikubwa pamoja. Baada ya miaka miwili, vifo vya moyo, shambulio la mshipa uleule na kurudia tiba pale pale vilikuwa asilimia 6.4 kwa waliopangiwa puto na 3.4 kwa waliopangiwa stenti. Tofauti hiyo ilitoka zaidi kwenye mishipa mipana. Kwa mshipa wa milimita 3 na kuendelea, ulio karibu na mzizi na unaolisha sehemu kubwa ya moyo, stenti ndiyo bado chaguo la kawaida. Pia maputo hayalingani: matokeo ya puto lenye paklitakseli hayahamishiwi kwenye puto lenye sirolimusi, wala ya kampuni moja kwenye ya kampuni nyingine. Uliza jina la puto na dawa iliyo juu yake.

Chokaa huharibu njia zote mbili. Stenti haifunguki sawasawa, na dawa ya puto haipenyi ukuta mgumu. Mshipa wa namna hiyo huhitaji kwanza puto lenye makali, kidude cha kusaga au mawimbi ya kupasua chokaa. Kama kituo hakina hata kimoja kati ya hivyo, afadhali mgonjwa apewe rufaa kuliko kulazimisha.

Wapo wenye kisukari cha miaka mingi ambao mshipa wao umebana kwa urefu, mpana juu na mwembamba chini. Huyo anaweza kupata vyote viwili: stenti sehemu ya juu, puto lenye dawa sehemu ya chini, hivyo chuma kikawa kifupi. Vivyo hivyo pale mshipa unapogawanyika: shina likapewa stenti, tawi likapewa puto.

Stenti ya zamani iliyobana tena

Puto lenye dawa lilianzia hapa. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya kwanza ya puto la paklitakseli kwa stenti zilizobana, na Machi 2024 Marekani iliidhinisha puto lake la kwanza la namna hii kwa mishipa ya moyo, kwa kazi hiyohiyo. Katika utafiti uliotangulia idhini hiyo, wa wagonjwa 600, tiba ilishindikana ndani ya mwaka kwa asilimia 17.9 ya waliopata puto lenye dawa, dhidi ya 28.6 ya waliopata puto la kawaida.

Angalia mlinganisho ule: ulikuwa dhidi ya puto tupu. Mpinzani akiwa stenti mpya yenye dawa, picha hubadilika. Ndani ya stenti ya kizamani isiyo na dawa, puto na stenti mpya hukaribiana. Ndani ya stenti iliyokuwa na dawa tayari, stenti mpya hufanya vizuri zaidi kwa kuzuia kurudiwa kwa tiba, na mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 unaipa kipaumbele. Hata hivyo, mwenye tabaka mbili za chuma mahali pamoja ana sababu nzuri ya kukwepa la tatu, maana kila tabaka hula nafasi ya damu. Na kabla ya lolote, iangaliwe kwa nini stenti ile ilibana. Kama haikufunguka vizuri tangu siku ya kwanza, itanuliwe kwanza, la sivyo dawa yoyote itapakwa juu ya kosa lilelile.

Dawa za kuzuia damu kuganda

Tofauti inayoonekana nyumbani ni hii. Kwa ugonjwa uliotulia, mwenye stenti kwa kawaida hutumia dawa mbili kwa miezi 6: aspirini miligramu 75 hadi 100 na klopidogreli miligramu 75 kila siku. Kwa aliye katika hatari kubwa ya kutokwa na damu, muda huo hufupishwa hadi mwezi mmoja au mitatu. Aliyetibiwa kwa puto lenye dawa peke yake, naye ametulia, kwa kawaida hutumia mbili kwa mwezi mmoja hivi, kisha hubaki na moja. Lakini aliyetoka kwenye shambulio la moyo hupangiwa mwaka mmoja, awe na stenti au puto, kwa sababu dawa zile zinalinda mishipa yake yote.

Kwa hiyo mwenye vidonda vya tumbo vilivyowahi kutoa damu, anayesubiri upasuaji usioweza kuahirishwa, au anayetumia wofarini (dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda) kwa sababu ya valvu ya moyo, puto lina faida ya kweli kwake pale mshipa unaporuhusu. Kuna wasiwasi mwingine ambao watu huona haya kuusema: dawa kuisha na fedha hakuna, au duka la karibu halina. Mwambieni daktari kabla ya tiba. Kukatiza klopidogreli ndani ya wiki za mwanzo baada ya stenti ni hatari kubwa kuliko karibu kosa lolote jingine la mgonjwa, maana donge la damu huziba stenti ghafla.

Vitu viwili huvuruga dawa hizi mara nyingi. Kimoja ni daiklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kirahisi kwa magoti na mgongo. Huongeza kutokwa na damu tumboni na hazifai kwa mgonjwa wa moyo. Kingine ni omeprazoli, inayopunguza nguvu ya klopidogreli. Akihitaji dawa ya tumbo, pantoprazoli ni bora. Na anayekwenda kung'olewa jino asiache dawa kwa uamuzi wake wala wa daktari wa meno peke yake. Jino moja mara nyingi hung'olewa bila kuacha, kwa kubana vizuri na kushona.

Yanayoharibika baadaye

Hatari ya stenti imegawanyika kwa muda. Donge la ghafla ni la nadra kwa stenti za kisasa, chini ya mtu mmoja katika mia kwa mwaka wa kwanza, ila likitokea linaweza kuua. Baada ya mwaka wa kwanza, matatizo yanayotokana na stenti huendelea kwa kadiri ya asilimia 2 kila mwaka, bila kukoma. Hoja kuu ya wanaopenda puto iko hapo: pasipo chuma, mshipa hubaki huru kutanuka na kusinyaa, na fundi wa upasuaji wa baadaye hukuta mahali pa kushona.

Hatari ya puto iko zaidi mwanzoni. Mpasuko ulioonekana mdogo unaweza kukua na kuziba mshipa, hasa saa 24 za kwanza, kwa hiyo kulala hospitalini usiku ule si kupoteza fedha. Baadaye mshipa unaweza kubana tena kwa miezi kadhaa, na dalili huwa ileile ya zamani: kifua kubana ukipanda mlima, ukipumzika kinaachia. Wengine wamesoma mtandaoni kwamba paklitakseli huua. Hofu hiyo ilitokana na mjumuisho wa tafiti za mishipa ya miguu mwaka 2018, ambako dozi ni kubwa zaidi. Julai 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilieleza kwamba takwimu zilizokamilishwa haziungi mkono ongezeko hilo la vifo.

Fedha na upatikanaji

Msidhani puto ni rahisi kwa kuwa haliachi kitu mwilini. Bei yake yenyewe si ndogo, maandalizi hula maputo mengine, na stenti ya akiba lazima iwepo. Ombeni makadirio yaliyoandikwa kwa njia mbili: puto likifanikiwa, na puto likiishia kwenye stenti. Wenye bima ya NHIF au nyingine waulize kibali kwa kila kifaa kwa jina lake kabla ya kusafiri.

Kwa wengi wa huku safari huanzia hospitali ya KCMC au ya Mount Meru, na rufaa huelekea Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Wapo wakazi wa Arusha wanaovuka Namanga kwenda Nairobi. Popote mtakapokwenda, mwondoke na picha zenyewe za mishipa kwenye CD au flashi, maana ripoti ya maandishi haitoshi kumwezesha daktari mwingine kupima upana wa mshipa. Stika za boksi la stenti au puto, zenye jina, upana, urefu na namba ya toleo, zibandikwe kwenye faili lenu. Na kabla ya siku yenyewe, kreatinini ipimwe, kwa kuwa dawa ya rangi huumiza figo dhaifu.

Pale ambapo si puto wala stenti

Mwenye maumivu yaliyotulia, yanayodhibitiwa na dawa, hana sababu ya kuona aibu kusubiri. Utafiti wa ISCHEMIA wa mwaka 2020, wenye wagonjwa 5,179, ulikuta kwamba kwa watu waliotulia, kuanza na kuzibua hakukupunguza vifo kuliko kuanza na dawa. Kulipunguza maumivu kwa waliokuwa nayo mara kwa mara. Utafiti huo haukuwahusu wenye ubanaji wa shina kuu la kushoto. Na mwenye kisukari aliyebanwa mishipa kadhaa, upasuaji wa kupandikiza mishipa ulionyesha kuokoa maisha zaidi kuliko stenti katika utafiti wa FREEDOM wa mwaka 2012, wa wagonjwa 1,900. Huyo akielekezwa kwenye puto tatu au stenti nne bila daktari wa upasuaji kuulizwa, familia iombe aulizwe.

Kwa hali yako

Kama mshipa ni chini ya milimita 3, ukuta si wa chokaa nyingi, na kuna sababu ya kufupisha dawa, mwambie daktari mnapenda kuanza na puto, stenti ikiwa ya akiba. Kama ni mshipa mpana karibu na mzizi, kubali stenti, na uulize itahakikishwaje kwamba imefunguka vyema.

Kama ni stenti ya zamani iliyobana kwa mara ya kwanza, sikiliza hoja ya stenti mpya bila chuki. Ikiwa ni mara ya pili au ya tatu mahali palepale, puto lina nguvu zaidi.

Kama kituo mnachokimudu hakitumii puto lenye dawa mara kwa mara, stenti iliyowekwa na mkono uliozoea ni salama kuliko puto la majaribio. Kusubiri miezi ukitafuta puto, huku maumivu yakija hata ukiwa umekaa, hakufai kabisa.

Na kwa waongoza watalii na wapagazi wa Kilimanjaro, ambao kazi yao ndiyo inayowaleta kliniki na swali hili: ukiwa bado kwenye dawa mbili, jeraha la kichwa au damu ya tumbo kambini Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu, ni mbali mno na msaada. Muda mfupi wa dawa ni hoja halali ya kupendelea puto kama mshipa wako ni mdogo na hukupata shambulio. Hata hivyo mlima usirudiwe kwa kuhesabu siku za vidonge tu. Ufanyike kwanza mtihani wa kukimbia kwenye mashine huku moyo ukipimwa, na daktari aandike ruhusa ikitaja urefu unaopanda na uzito unaobeba.